Salamu za Dirishani

Mpaka leo sijui kwa nini walinichagua mimi. Ni mwalimu wa hesabu wa sekondari, naishi Isevya mjini, na sifa yangu kubwa wakati ule ilikuwa kwamba projekta ya shule yetu ikigoma, mimi naizima, nasubiri, naiwasha, inakubali. Kwa hilo tu nikaitwa mtaalamu. Nikakalishwa semina, nikapewa kishikwambi, spika ndogo ya kubeba mkononi na kitabu cha maelekezo, nikaambiwa niende shule za msingi za upande wa Igalula nikawafundishe walimu kutumia teknolojia darasani.

Kitabu kile nilikisoma chote na sikukielewa. Kilisema mwalimu wa kisasa hafundishi, anawezesha. Nikamuuliza mwendesha semina, kama mwalimu hafundishi, watoto wanafundishwa na nani? Akafurahi sana, akasema hilo ndilo swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa siku ile, kisha akaenda kunywa chai. Nikapanda gari la Igalula nikiwa sijajibiwa.

Shule yenyewe iko mbele kidogo ya stesheni. Njia ya zamani ya misafara ya wapagazi inapita nyuma yake, chini kabisa ya madirisha ya darasa la kwanza. Siku hizi haipiti misafara. Wanapita watu waendao stesheni, kisimani na gulioni, wanaorudi kutoka mashamba ya tumbaku, wenye baiskeli za mkaa na wenye ndoo kichwani. Nilipoiona mara ya kwanza niliona njia tu, sikujua kwamba itanitoa jasho.

Walimu walinipokea vizuri, wakanipa karanga na chai, wakanisikiliza kwa adabu ya kunitia wasiwasi. Nilipouliza nani ana swali, wakatazamana. Aliyenyoosha mkono ni mama mmoja aliyekaa mbele, mwalimu wa darasa la kwanza, aliyebakiza miaka michache astaafu. Mwili mkubwa, kitenge kimefungwa juu ya gauni, na sauti nene ya kwaya ya kanisa la Kimoravian iliyokuwa ikisikika, wenzake waliniambia, mpaka ng'ambo ya reli. Nusu ya kijiji ilijifunza kusoma kwake. Hata mwalimu mkuu alikuwa mwanafunzi wake, na kila asubuhi alimwamkia kabla ya kumpa maagizo ya kazi.

"Nakibonyeza hakisikii," alisema.

Kweli, hakikusikia. Kidole chake kilikuwa kimekauka kwa chaki na jembe, na kioo hakikukitambua kabisa. Nikajaribu mimi, kikaitika. Akajaribu yeye, kimya. Nikapekua kitabu cha maelekezo, hapakuwa na neno juu ya vidole vya watu wanaolima. Nikabaki nimekishika kile kitabu mbele ya walimu wote, nikiona haya. Yeye akalamba ncha ya kidole, kama anayefunua ukurasa, akagusa. Kikafunguka. Akacheka, walimu wote wakacheka, nami nikacheka ingawa sikujua kama wananicheka mimi.

Wenzake walipotoka, yeye alibaki.

"Mwanangu," aliniambia, "hiki kitu kinatunza sauti?"

"Kinatunza, mwalimu."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka mtu aifute."

Akakigeuzageuza mkononi. Ndipo akanieleza, kwa sauti ileile ya kusikika ng'ambo ya reli, kwamba ana uvimbe kooni. Madaktari wamepanga kumpasua shule zikifungwa. Wamemwambia sauti inaweza kurudi, inaweza isirudi. Na mwalimu mkuu amemwambia, akiwa ameinamisha kichwa, kwamba kama haitarudi, darasa la kwanza atapewa kijana mmoja anayefundisha pale kwa kujitolea, na yeye atakaa stoo ya vitabu mpaka astaafu.

"Stoo hakuna watoto, mwanangu," alisema.

Nilikuja na somo la kuwasha, kuzima, kuchaji kwa sola na kufungua video za masomo. Huyu mama alikuwa ananiuliza jambo jingine kabisa, na alikuwa ananitazama kana kwamba jibu ninalo ndani ya begi. Nikasema, "Tutarekodi." Nililisema kwa ujasiri mkubwa, na moyoni niliogopa.

Mpango ulikuwa mwepesi. Kila nikija, watoto wakishatoka, tunabaki wawili darasani. Yeye anasoma silabi, anasimulia hadithi fupi, anaimba nyimbo za kuhesabu, mimi narekodi. Akitoka hospitali, hata kama sauti imekwenda, anafungulia spika na kuendelea na watoto wake. Niliona nimepata akili ya ajabu. Nikaweka kishikwambi juu ya dawati, nikabonyeza, nikampa ishara.

"Ba," alisema. "Be. Bi..."

"Shikamoo mwalimu!" ilisema sauti dirishani.

"Marahaba baba, mama hajambo? Yule ndama amepona?"

Nikazima, nikafuta. Tukaanza tena. Tulifika "bo" akapita mama mwenye ndoo, naye akasalimu, naye akaulizwa habari za nyumbani, za mgonjwa, za mvua. Nikafuta. Akapita mwenye baiskeli. Nikafuta. Wengine walisalimu Kinyamwezi, naye alibadili lugha hapohapo na salamu ikawa ndefu mara mbili. Treni ya mizigo ilipopita na honi yake, nilishukuru, maana treni angalau haiulizi habari za nyumbani.

Nina hasira za karibu, sikatai. Nikamwambia, "Mwalimu, tukiwa tunarekodi usiitikie."

"Nisiitikie nini?"

"Salamu."

"Nisiitikie shikamoo?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Shikamoo ya mtu?"

"Ya mtu, ndiyo."

Alinitazama kwa huruma, kama anayemtazama mtoto aliyeulizwa mbili na mbili akajibu ng'ombe. Lakini alikubali. Akapita mwanamke mwenye beseni la nyanya, akasalimu, na mwalimu akafumba macho akaendelea, "Da, de, di." Nilifurahi kwa muda mfupi sana. Yule mwanamke alisimama. Akasalimu tena. Akazunguka jengo zima, akaingia mlangoni na beseni lake, uso umemshuka.

"Mwalimu, kumbe ugonjwa umekuzidia?"

Ikabidi tumkalishe, tumweleze, tumwoneshe kishikwambi, aguse na yeye. Alituachia nyanya. Siku ile hatukurekodi kitu cha maana, na nikarudi mjini nikijiuliza mimi na huyu mama nani anamfundisha mwenzake, na anamfundisha nini.

Siku nyingine nilifunga madirisha. Ya shule ile ni ya mbao, ukiyafunga giza linaingia na joto linapanda. Watu wakasalimu kupitia mbao. Walijua yumo. Sauti yake ilikuwa inatoka nje, wafanyeje? Nikayafungua tena kwa hasira nikiwa nimelowa jasho mgongo mzima.

Tulipofika silabi za "m" nilikuwa nimechoka kupita kiasi. Alikuwa hajatamka hata moja, mimi nimekwisha kubonyeza, wakapita watoto wake mwenyewe, kundi zima, wametoka kisimani na ndoo kichwani. Wakapaza kwa pamoja ule wimbo wa asubuhi:

"Shikamoo mwalimuuu!"

"Marahaba wanangu, hamjambo?"

"Hatujambo mwalimuuu!"

"Kaeni."

Neno la mwisho lilimtoka kwa mazoea tu. Miaka yote hiyo akishaitikia, anakalisha. Nilichungulia dirishani, na sikuamini: watoto walikuwa wamekaa. Wametua ndoo, wamekaa chini njiani, vumbini, mikono mapajani, wanasubiri somo.

"Mwalimu, jamani!" nilipiga kelele. "Tunaanza upya!"

Yeye alikuwa anacheka mpaka ameshika meza. Watoto wakaruhusiwa kwenda zao. Kwa jinsi nilivyokasirika, nilisahau kuzima. Kishikwambi kiliendelea kurekodi, na "ma, me, mi, mo, mu" aliyosoma baadaye, ile nzuri kuliko zote, ikaingia humohumo. Nikaamua kuiacha. Nilijiambia nitaikata mwanzo nikipata muda, na muda sikupata.

Nilimwachia kishikwambi, naye akapasuliwa. Mimi wakati huo nilitumwa shule za upande wa Kaliua, ambako walimu waliniuliza maswali mengine nisiyoyaweza. Kila nilipopiga simu kwake, alipokea bintiye. "Mama yuko hapa, anakusikia," alisema, nami nikawa naongea peke yangu, nikimweleza mtu habari za mvua za Kaliua bila kujua anatikisa kichwa au amelala. Nilimwuliza yule binti, mama anashindaje? Akasema anashinda na kishikwambi sikioni.

Sauti haikurudi. Kilichorudi ni pumzi, na ukikaa karibu sana unaweza kusikia neno ndani yake. Shule zilipofunguliwa, mwalimu mkuu aliniita. Kijana wa kujitolea alikuwa tayari ameshalishika darasa la kwanza kwa muda, ratiba mpya imeshabandikwa ofisini. Mwalimu mkuu aliniambia hawezi kumnyima mwalimu wake nafasi ya kujaribu, lakini hawezi pia kuwaacha watoto wasijue kusoma kwa sababu ya heshima. Yeye mwenyewe atakaa nyuma ya darasa, atazame somo moja. Likienda, sawa. Lisipokwenda, stoo.

"Na wewe madam uwepo," alisema, "maana mambo haya umeyaleta wewe."

Usiku ule sikupata usingizi mzuri. Kishikwambi nilikuwa nimekichukua kwa bintiye; nikakichaji, nikachaji spika, nikapanga silabi kwa mfuatano, hadithi baada ya silabi, wimbo baada ya hadithi. Hakuna nilichoacha. Ndivyo nilivyoamini nilipokaa dawati la nyuma asubuhi, pembeni ya mwalimu mkuu.

Aliingia amejifunga kitambaa shingoni. Darasa zima likasimama.

"Shikamoo mwalimuuu!"

Akafungua mdomo. Haikutoka kitu.

Tulikuwa tumerekodi kila kitu ambacho serikali inataka mtoto wa darasa la kwanza ajue, na salamu nilikuwa nimezifuta kwa mkono wangu, moja baada ya moja. Watoto walibaki wamesimama. Hawakufanya fujo, hawakunong'ona. Walikuwa wanasubiri kuitikiwa na kukalishwa, kwa sababu ndivyo yeye mwenyewe alivyowafundisha. Nilipogeuka kwa mwalimu mkuu nilichanganyikiwa zaidi, maana naye alikuwa amesimama. Aliinuka pamoja na watoto, bila kujijua nadhani, mikono ubavuni, na sasa hakujua atakaaje.

Mtoto mmoja wa mbele akadhani mwalimu hakusikia, akarudia kwa nguvu. Wote wakarudia. "Shikamoo mwalimuuu!" Nikafikiria kuitikia mimi, lakini ile haikuwa shikamoo yangu. Nikafikiria kusema "kaeni," na ulimi ukakataa. Hakuna mtu aliyenifundisha la kufanya hapo. Niliona stoo ya vitabu, nikamwona yeye ndani yake na mlango umerudishwa, nikatamani kulia.

Yeye hakunitazama hata kidogo. Alilamba kidole. Akapekua kishikwambi polepole, akashuka, akashuka tena, akagusa.

"Marahaba wanangu, hamjambo?" ilisema spika, kwa sauti ileile ya ng'ambo ya reli.

Darasa likalipuka. "Hatujambo mwalimuuu!" Wa darasani na wa kwenye spika waliitikia pamoja.

"Kaeni."

Wakakaa. Mwalimu mkuu naye akakaa, pumzi ikamtoka. Nami nilikuwa naanza kutabasamu, ndipo nikakumbuka kinachofuata, na nisingeweza kufika mbele kwa wakati.

"Mwalimu, jamani! Tunaanza upya!"

Vichwa vyote viligeuka nyuma. Watoto walinitazama mdomo, ambao ulikuwa umefungwa. Kisha, kwa kuwa wameambiwa waanze upya, na ni watoto wenye adabu, wakasimama tena wote. Mwalimu mkuu pia.

"Shikamoo mwalimuuu!"

Mwalimu wao alikuwa anacheka. Mabega yanapanda na kushuka, machozi yanamtoka, sauti hakuna. Akarudisha mwanzo. Wakaitikiwa, wakakalishwa, na safari hii alikisimamisha kabla sijawagombeza.

Somo likaenda. Nasema likaenda kwa sababu sijui niseme nani alilipeleka. Spika ilisema "ma," yeye akagonga ubao kwa fimbo, watoto wakasema "ma." Mmoja alisema "na." Yeye alisimamisha, akarudisha, akamwendea yule mtoto, akachuchumaa mbele yake na kufumba midomo yake mwenyewe mpaka mtoto naye akafumba yake, kisha akagusa kioo na midomo ya wote wawili ikafunguka na "ma" ikatokea hewani. Nilikuwa na fomu ya kujaza kuhusu matumizi ya kifaa. Sikujaza. Nilikuwa namtazama yule mtoto, ambaye hakuitazama spika hata mara moja.

Mwalimu mkuu alitoka kabla ya wimbo. Nilimkuta barazani, anafuta miwani.

"Stoo nitatafuta mtu mwingine," alisema, akaenda ofisini.

Watoto walipotoka kucheza, nilimfuata mwalimu mezani. Nilikuwa na furaha na aibu kwa pamoja. Nikamwambia anipe dakika moja niikate ile sehemu ya kelele zangu, ibaki salamu safi. Akakivuta kishikwambi kwake. Akachukua chaki, akaandika ubaoni kwa ule mwandiko wake mkubwa wa darasa la kwanza: *Na wewe ulikuwepo.*

Niliusoma mara kadhaa. Sikujua kama ananienzi au ananiadhibu, na sikuthubutu kuuliza. Nikafuta ubao, nikaaga.

Muhula uliofuata nilikuwa na safari ya shule hiyohiyo, kuwafundisha walimu wengine. Nilishuka stesheni nimechelewa, nikakata kwa njia ya zamani na begi langu begani. Nilipokaribia madirisha ya darasa la kwanza, sauti yake ilikuwa nje tayari, nene na nzima: "Sa. Se. Si." Kwa namna ilivyokuwa, nilisahau hospitali, nikasahau kitambaa cha shingoni, nikasahau kabisa kazi iliyonileta. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Shikamoo mwalimu!"

Sauti ikakatika.

Nikasimama palepale. Nilitambua nilichokifanya, mimi, kati ya watu wote waliowahi kupita njia ile. Nilitamani kukimbia. Vichwa vya watoto vilijaa dirishani, na nyuma yao nikamwona yeye, ameacha silabi zake katikati, analamba kidole. Alichukua muda wake.

"Marahaba wanangu, hamjambo?"

"Sijambo, mwalimu," niliitikia peke yangu njiani.

"Kaeni."

Nilitazama huku na huku. Palikuwa na mtu mmoja tu, mbali, na baiskeli yake ya mkaa. Nikatua begi, nikakaa chini vumbini, mikono mapajani.

Hakukisimamisha. Alikiacha kiendelee, akiniangalia kutoka dirishani.

"Mwalimu, jamani!" nilijisikia nikipiga kelele mle ndani. "Tunaanza upya!"

Darasa zima likasimama, nami nikajikung'uta vumbi, nikasimama nao.